FATA ya Pakistan: mamlaka ya ndani au watu waliowekwa nje ya sheria?

Mwanamto

Wakuu, salaam. Kila nikisoma habari za mpaka wa Pakistan na Afghanistan nakutana na FATA (kwa Kiingereza Federally Administered Tribal Areas), yale maeneo ya makabila ya Wapashtuni, na kila mwandishi anaandika kwamba yalikuwa na "mamlaka ya ndani". Nikisikia neno hilo akili yangu inakimbilia Zanzibar: kuna Rais, kuna Baraza la Wawakilishi, kuna Mahakama Kuu. Lakini nikisoma zaidi naona FATA hata baraza la kutunga sheria haikuwa nalo, na mahakama kuu za nchi zilizuiwa kugusa kesi zao. Sasa hiyo mamlaka ya ndani ilikuwa mikononi mwa nani?

Mnisaidie hapa. Nani hasa alikuwa anatawala, wazee wa jirga, yaani baraza la wazee wa kabila, au serikali? Ile sheria ya Waingereza ya 1901 ilifanyaje kazi jambo likitokea? Na kama mwaka 2018 maeneo yaliunganishwa na mkoa wa Khyber Pakhtunkhwa na sheria ile ikafutwa, mbona wapo watu wa huko huko wanaosema bora ya zamani?

KaraniWaBoma

Mfano wa Zanzibar uweke pembeni kwanza, utakupoteza. Zanzibar ina vyombo vyake vya dola. FATA ilikuwa na afisa mmoja kwa kila eneo, basi.

Eneo lenyewe si kubwa, kilomita za mraba 27,220, yaani linakaribiana na mkoa wa Tanga. Sensa ya 2017 ilihesabu watu milioni 5. Lilikatwa vipande saba vilivyoitwa ajensi, ukishuka kutoka kaskazini: Bajaur, Mohmand, Khyber, Orakzai, Kurram, Waziristan Kaskazini na Waziristan Kusini. Juu ya hivyo kulikuwa na vipande vyembamba sita vilivyopakana na wilaya za kawaida: Peshawar, Kohat, Bannu, Lakki Marwat, Tank na Dera Ismail Khan. Darra Adam Khel, ule mji wa mafundi wa bunduki za mkono, ulikuwa katika kipande cha Kohat.

Jambo ambalo wengi hawalioni ni kwamba mipaka ilikuwa miwili. Wa kwanza ni ule wa Durand, uliotiwa saini Kabul tarehe 12 Novemba 1893 kati ya Sir Mortimer Durand na Amiri Abdur Rahman Khan. Huo ndio unaoonekana kwenye ramani. Wa pili ulikuwa ndani zaidi, upande wa India ya Waingereza: mstari wa utawala, pale ambapo kodi ya ardhi, polisi na mahakama viliishia. Ukanda uliobaki kati ya mistari hiyo miwili ndio ukaja kuitwa FATA. Waingereza waliutaka uwe pazia mbele ya Afghanistan, na nyuma ya Afghanistan wakimwogopa Mrusi. Gharama ya kutawala milima ile kijiji kwa kijiji waliona haina faida, kwa hiyo wakadhibiti njia tu: Khyber, Kurram, Tochi, Gomal. Wenyeji wa wilaya za kawaida waliuita ukanda ule *ilaqa ghair*, nchi ya wengine.

Mwaka 1901 Lord Curzon akaukamilisha mpango: mkoa mpya wa Mpaka wa Kaskazini-Magharibi ukaundwa, majeshi ya kawaida yakarudishwa nyuma, vikosi vya wenyeji vikawekwa mbele, na Kanuni za Makosa ya Mpakani, maarufu kama FCR, zikaandikwa upya. Zilikuwepo tangu 1872 na zikarekebishwa 1887, ila toleo lililodumu ni hilo la 1901.

Pakistan ilipozaliwa 1947 haikuzivunja. Iliondoa wanajeshi Waziristan, na malik, wazee wa makabila waliolipwa posho na serikali, wakakubali kuingia katika nchi mpya kwa sharti kwamba posho zao zitaendelea na mila zao hazitaguswa. Katiba ya 1973 ikaweka hayo katika ibara ya 247: hakuna sheria ya Bunge itakayotumika FATA mpaka Rais aamuru, na Mahakama ya Juu na Mahakama Kuu hazina mamlaka huko mpaka Bunge liseme vinginevyo. Matokeo yake ni kichekesho. Wabunge 12 wa FATA walikaa Islamabad wakipiga kura juu ya sheria za Lahore na Karachi, na sheria hizo hizo hazikufika vijijini mwao.

Hata kuwachagua wabunge hao haikuwa kazi ya wananchi. Hadi Desemba 1996 wapiga kura walikuwa malik peke yao, kama 35,000 hivi. Kura ya kila mtu mzima ilipigwa mara ya kwanza Februari 1997. Vyama vya siasa viliruhusiwa kufanya kazi huko mwaka 2011.

Kifungu21

Nijibu swali la pili, maana hapo ndipo utajua nani alikuwa anatawala. Mtawala alikuwa Wakala wa Kisiasa. Huyu mtu mmoja alikuwa mkuu wa utawala, mwendesha mashtaka, hakimu, mkusanya ushuru na mgawa fedha za maendeleo.

Chukua tukio la kawaida: gari la serikali limepigwa risasi barabarani na aliyepiga hajulikani.

Swali la kwanza ofisini kwa Wakala lilikuwa: limepigiwa katika ardhi ya nani? Kila kipande cha barabara kilikuwa na ukoo wake, na ukoo uliobeba kipande ulibeba lawama ya kilichotokea hapo. Malik wa ukoo huo wanaitwa na kupewa siku kadhaa: mleteni mhalifu, au lipeni faini, au wekeni dhamana ya fedha na bunduki. Wakikubali, mambo yanaishia hapo na hakuna faili la polisi, kwa sababu polisi hakuna.

Wakikataa, kinafunguliwa kifungu cha 21. Kabila au tawi linatangazwa kuwa "adui au lisilo rafiki", na baada ya hapo mtu yeyote wa ukoo huo anaweza kukamatwa popote alipo. Dereva anashushwa kwenye basi Peshawar, mwenye duka anafungiwa duka Bannu, lori la mbao linazuiwa Tank, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwepo siku ya tukio. Kwa Kipashtu kukamata huku kunaitwa *baramta*. Ukoo mzima unaweza kuzuiwa kuingia mjini, na miaka ya karibuni hata vitambulisho vya taifa vya watu wa ukoo vilifungwa. Faini za pamoja zina kifungu cha 22 na 23, na kubomoa nyumba kuna chake, cha 34.

Kifungu cha 40 ni kingine, watu wanavichanganya. Hicho kilimruhusu Wakala kumtaka mtu aweke dhamana ya kutunza amani, na asipoweza anaingia gerezani hadi miaka 3, bila kosa lolote kuthibitishwa. Kwa kulinganisha, sheria ya tawala za mikoa ya Tanzania ya 1997 inampa mkuu wa wilaya saa 48, na hizo 48 zenyewe tunazilalamikia kila siku.

Sasa jirga. Hapa pana mtego, kwa sababu zilikuwa jirga mbili tofauti zenye jina moja.

Ya serikali ni ile ya FCR. Kesi ya madai ilikwenda kwa kifungu cha 8, ya jinai kwa cha 11. Wakala anateua wazee watatu au zaidi, pande zote zinaweza kupinga majina, wazee wanasikiliza na kuandika maoni. Maoni tu! Wakala anaweza kuyakubali, kuyarudisha wayatazame tena, au kuteua wazee wengine. Katika madai alitakiwa robo tatu ya wazee wawe wamekubaliana ndipo atoe hukumu. Katika jinai kifungo hakikuzidi miaka 14. Wakili hana nafasi, sheria ya ushahidi haitumiki, na rufaa ya kawaida hakuna, ila maombi ya marejeo kwa Kamishna, ambaye ni bosi wa Wakala huyo huyo. Jaji Cornelius wa Pakistan aliisema sheria hii vibaya sana tangu 1954, na bado ikaishi miaka 64 baada yake.

Jirga ya watu wenyewe ni kitu kingine kabisa. Watu wanakaa duara, hakuna kiti cha mkubwa. Kabla ya neno lolote pande mbili zinawapa wazee *waak*, yaani idhini ya kuamua, na zinaweka *machalgha*, amana ya fedha au bunduki. Atakayevunja uamuzi anaipoteza. Kama damu imemwagika, wazee kwanza wanaweka *teega*, jiwe. Jiwe likishawekwa, kurusha risasi ni kosa dhidi ya jirga yote, na adhabu yake ni faini nzito au nyumba kuchomwa na *lashkar*, jeshi la kabila. Huku ndiko ilikokuwa mamlaka ya ndani halisi. Tatizo ni kwamba Wakala alikuwa na uwezo wa kuivuruga wakati wowote kwa kuwakamata wazee wake kwa kifungu cha 40.

Mwaka 2011 FCR ililainishwa: wanawake, watoto chini ya miaka 16 na wazee zaidi ya 65 wakatolewa katika adhabu ya pamoja, na aliyekamatwa akatakiwa kufikishwa mbele ya afisa ndani ya saa 24. Soma kinyume chake na utaona nini kilikuwa halali kwa miaka 110 kabla ya hapo.

Mwanamto

Nimekuelewa vizuri sana Kifungu21, hasa hizo jirga mbili. Swali dogo: malik ndiye kama mtemi au chifu? Na kwa nini watu wamtii kama anakula posho ya serikali?

MshikaDaftari

Hapana, mtemi alikuwa na himaya. Malik, hasa kwa Wamahsud na Wawaziri, makabila ya Waziristan, ni mzee mmoja kati ya wengi, na yeyote mwenye bunduki na watoto wa kiume anajiona sawa naye. Waingereza walijifunza hilo kwa damu. Miaka ya 1890 afisa wao R. I. Bruce alijaribu Waziristan utaratibu uliofanikiwa kwa Wabaluchi, ambako machifu wana nguvu: walipe wakubwa, wakubwa watawadhibiti wadogo. Malik wa Kimahsud wakawatoa watu walioshtakiwa kwa kumuua afisa wa Kiingereza. Muda si mrefu malik watatu waliohusika wakauawa na watu wao wenyewe, na mpango ukafa nao.

Kwa hiyo fedha zikagawanywa kwa namna ya kufika chini zaidi. Kuna posho ya malik, inayorithiwa na mtoto. Kuna *lungi*, maana yake kilemba, posho ya mtu binafsi kwa heshima au utumishi, na ni neno zuri kwetu Waswahili kwa sababu hata kwetu kilemba ni kitambaa na pia ni bahashishi. Na kuna *muwajib*, ya kabila zima, inayogawanywa kwa mafungu ya ukoo.

Mafungu hayo yanaitwa *nikat*, na ukitaka kuelewa ugomvi wa Waziristan anzia hapo. Waziristan Kusini, Wamahsud wana robo tatu na Wawaziri wa Ahmadzai wana robo. Ndani ya Wamahsud, matawi matatu, Alizai, Bahlolzai na Shaman Khel, yanagawana sawasawa. Kila kitu kinafuata nikat: posho, ajira, kandarasi za barabara, faini. Uzuri wake ni kwamba hakuna anayeweza kudai ameonewa. Ubaya wake ni kwamba hesabu iliwekwa zama za mababu, ukoo mmoja umezaana mara mbili ya mwingine, na fungu halibadiliki. Serikali ikitaka kujenga shule moja inabidi ijenge tatu, au isijenge kabisa.

Khassadar nao waliajiriwa kwa nikat. Walianza baada ya vita vya Waziristan vya 1919 na 1920: askari wa kabila anayekuja na bunduki yake mwenyewe, analipwa kidogo, analinda kipande cha barabara cha ukoo wake. Nafasi ni mali ya familia. Akizeeka anamtuma mwanawe, akisafiri anamtuma ndugu yake. Kwa kulinda njia dhidi ya majambazi ulikuwa utaratibu wa bei nafuu na ulifanya kazi. Kwa kupambana na kikundi kilichopangwa haukufaa kitu, na tangu 2004, jeshi la Pakistan lilipoingia Waziristan Kusini na Taliban wa Kipakistani wakapata nguvu, ndipo ulipoporomoka. Malik waliuawa kwa mamia. Khassadar akibaki kituoni anauawa kama msaliti, akikimbia ukoo unatozwa faini.

Halafu kuna pesa ambayo haiko kwenye vitabu vya Bunge. Wakala alitoza *rahdari*, kibali cha kupitisha unga, samli, mbao, mifugo. Iliingia katika mfuko wa ajensi na yeye ndiye aliyeutumia. Bajeti ya siri ndani ya nchi yenye Katiba! Na kwa kuwa ushuru wa forodha haukufika huko, bidhaa za Afghanistan zilizoshushwa Karachi bila ushuru chini ya mkataba wa 1965 zilivuka Torkham kwa lori kisha zikageuza, zikarudi kwa njia za milimani hadi maduka ya Landi Kotal na Bara. Redio, matairi, vitambaa. Wengi waliopinga mageuzi kwa jina la mila walikuwa wanatetea maduka hayo.

KaraniWaBoma, nikuongezee moja: si ajensi zote zilikuwa za Waingereza. Khyber ni ya 1879, Kurram 1892, Waziristan mbili za miaka ya 1890. Mohmand iliundwa 1951, na Bajaur na Orakzai mwaka 1973.

KaraniWaBoma

Sawa kabisa, nilizipanga kijiografia nikaacha tarehe. Asante.

MpakaniWajir

Ndugu zangu, kwa wasomaji wa Kenya hii si hadithi ya mbali. Sheria ya Wilaya Maalum ya 1934, iliyotumika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ni binamu ya FCR. Humo pia mna maneno yale yale ya kabila "adui", afisa wa utawala anaweza kuwakamata watu wa kabila hilo na kushika mifugo yao. Kabla yake kulikuwa na sheria ya 1902 iliyofunga wilaya za pembezoni ili mtu asiingie bila kibali, na ya 1909 ya adhabu ya pamoja. Ng'ombe na ngamia ndio waliochukua nafasi ya lori la mbao, basi.

Na uhuru haukufuta. Hali ya hatari ilitangazwa huko Desemba 1963 na ikaondolewa 1991. Sheria ya kuwakinga maafisa wasishtakiwe kwa yaliyotendeka kati ya 1963 na 1967 ilifutwa 2010. Tofauti ni kwamba Katiba ya 2010 iliipa Mandera, Wajir na Garissa kaunti zenye gavana na bunge lao. FATA haikupewa cha kwake, ilimezwa na mkoa jirani. Na Kenya nayo iliahidi Mfuko wa Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka kwa maeneo yaliyosahauliwa, na pesa ikachelewa miaka. Wakisimulia wenzetu ile asilimia 3 ya fungu la taifa iliyoahidiwa FATA mtanikumbuka.

RamaniNaRula

Nakuja na hiyo asilimia 3 na swali la tatu la Mwanamto.

Kamati ya mageuzi chini ya Sartaj Aziz iliundwa Novemba 2015 na ikatoa ripoti Agosti 2016. Ilipendekeza muungano wa hatua kwa hatua, miaka mitano. Kwanza wakimbizi wa ndani warudi, hasa wale karibu milioni moja walioondolewa na operesheni ya Waziristan Kaskazini iliyoanza Juni 2014. Kisha mahakama, polisi, rejista ya ardhi. Halafu ndipo Katiba ibadilishwe.

Kilichofanyika ni kinyume. Marekebisho ya 25 yalipita Bunge tarehe 24 Mei 2018, Seneti tarehe 25, bunge la mkoa tarehe 27, Rais Mamnoon Hussain akatia saini tarehe 31. Wiki moja! Uchaguzi mkuu ulikuwa unakuja Julai na mabunge yalikuwa yanafikia ukomo. Paa likaezekwa kabla ya kuta.

Ona kilichofuata. Ibara ya 247 imefutwa, kwa hiyo msingi wa FCR umeondoka. Kuziba pengo, tarehe 28 Mei ilitolewa kanuni ya mpito iliyomrudishia mkuu wa wilaya, jina jipya la Wakala, sehemu kubwa ya uwezo wa zamani, jirga ya kuteua ikiwemo. Oktoba 2018 Mahakama Kuu ya Peshawar ikaikataa, kwa sababu afisa wa utawala hawezi kuwa hakimu. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo. Majaji wakapelekwa Machi 2019, lakini majengo hayakuwepo, kwa hiyo mahakama ya Waziristan Kusini ikaanza kukaa Tank, nje ya wilaya yenyewe. Mtu wa milimani anasafiri kutwa nzima kwenda kuambiwa kesi imeahirishwa.

Polisi: khassadar na askari wenzao wa levi, kikosi kingine cha wenyeji, karibu 28,000, waliingizwa katika polisi ya mkoa mwaka 2019. Kwenye karatasi ni hatua kubwa. Kwa vitendo, mtu aliyezoea kulinda daraja la ukoo wake anatakiwa aandike maelezo ya shahidi, atunze kielelezo, apeleke faili kwa mwendesha mashtaka. Wengi hawajui kusoma. Sensa ya 1998 iliwakuta wanaojua kusoma na kuandika FATA ni asilimia 17 tu, na wanawake asilimia 3. Faili likija mahakamani na matundu, jaji anamwachia mtuhumiwa, na ndugu za marehemu wanarudi kwenye bunduki.

Uchaguzi wa bunge la mkoa ulifanyika tarehe 20 Julai 2019, viti 16 vya majimbo. Hilo lilikwenda vizuri kuliko wengi walivyotabiri. Ila viti vya Bunge la taifa vilishuka kutoka 12 hadi 6, na vile 8 vya Seneti vikaisha waliokuwa navyo walipomaliza muda. Wapinga muungano wanashika hapo: tulikuwa na sauti 20 Islamabad, sasa tuna 6.

Pesa. Iliahidiwa asilimia 3 ya fungu la taifa linalogawanywa kwa mikoa, sawa na rupia bilioni 100 kila mwaka kwa miaka 10. Ili ipatikane, mikoa yote ingepaswa kukubali kupungukiwa, na Sindh na Balochistan zikagoma. Mgawo unaotumika mpaka leo ni ule wa 2010, na katika hesabu yake watu wa FATA hawakuhesabiwa kama watu wa Khyber Pakhtunkhwa. Mkoa ukapokea watu milioni 5 wa ziada kwa fungu la zamani.

Sasa, wanaosema bora ya zamani ni makundi mawili, msiwachanganye. Malik na wenye maduka ya magendo wanaitaka FCR kwa sababu zao. Wananchi wa kawaida wengi hawataki hata kuisikia. Wanachokumbuka ni kasi: jirga ilimaliza shauri la mpaka wa shamba kwa wiki chache bila wakili. Mkoa ulijaribu kuziba hapo kwa sheria ya usuluhishi ya 2020, lakini wazee wanaoteuliwa na ofisi ya serikali wananukia ile jirga ya kifungu cha 8.

Mwanamto

Hapo kwenye shamba. Kama kuna mahakama sasa, kwa nini kesi ya ardhi isiende huko?

RamaniNaRula

Kwa sababu mahakama inataka karatasi na karatasi hakuna. Kwa sehemu kubwa ya FATA ardhi haikuwahi kupimwa wala kuandikishwa. Kodi ya ardhi haikutozwa, na rejista za Waingereza ziliandikwa kwa ajili ya kodi. Umiliki uko vichwani mwa wazee: bonde hili la fulani, mlima ni wa kabila zima, malisho ya kiangazi tunagawana. Upimaji ukianza leo, kila ukoo unajua kwamba mstari utakaochorwa ni wa milele, kwa hiyo unapanda juu ya kilima chake na bunduki kabla mpimaji hajafika. Madini yanachochea zaidi. Kilima kisicho na thamani kikigunduliwa kina shaba au kromaiti, kinapata wenyewe wanne.

Kurram inafundisha zaidi, kwa sababu yenyewe ina rejista tangu zama za Waingereza, na bado. Rejista ina majina ya mababu, hesabu ya mito na mashamba imebadilika, na vita vya miaka ya 2007 hadi 2011 viliwahamisha watu vijiji vizima. Juu ya yote kuna madhehebu: Waturi, kabila la huko, ni Mashia, majirani zao wengi ni Wasuni. Julai 2024 kipande cha shamba huko Boshehra kilizaa mapigano ya siku kadhaa yaliyoua makumi. Mwezi Oktoba barabara ya Thall kwenda Parachinar, mji mkuu wa Kurram, ikafungwa. Tarehe 21 Novemba msafara wa magari ya abiria, uliokuwa na ulinzi wa polisi, ulishambuliwa, wakafa zaidi ya 40.

Angalia serikali ilifanya nini. Haikukimbilia mahakama. Iliitisha jirga kubwa Kohat, na tarehe 1 Januari 2025 pande mbili zikatia saini mkataba wa vipengele 14: silaha nzito zikabidhiwe, mahandaki yabomolewe, barabara ifunguliwe. Yaani teega, kwa karatasi ya ofisi. Kasoro ni kwamba hakukuwa na machalgha yenye uzito, na hakuna lashkar wa kumwadhibu atakayevunja. Jiwe limewekwa bila mtu wa kulilinda. Tarehe 4 Januari msafara wa kwanza ulikuwa unajiandaa, mkuu wa wilaya akatangulia Bagan, kwenye barabara hiyo, kusafisha njia, akapigwa risasi na kujeruhiwa. Malori ya chakula yakabaki Thall. Dawa za hospitali ya Parachinar zilikuwa zinapelekwa kwa helikopta tangu Desemba.

Kifungu21

Na baada ya risasi za Bagan, swali la kwanza lilikuwa lile lile: limetokea katika ardhi ya nani?